Amezeeka, kwa Sauti Nne

Hii aibu nimemficha hata kinyozi wangu, lakini wacha niitoe mwenyewe, maana ndugu yangu Wekesa akishiba huisimulia vibaya.

Miaka ile simu bado zilikuwa zinaning'inizwa shingoni, tulitoka Kitale kwenda Bungoma kuzungumza mahari ya Wekesa kwa kina Naliaka, mwalimu, aliyemzidi Wekesa miaka kadhaa, na wazee wake walikuwa wakali juu ya hiyo miaka kabla hata hatujaketi. Mimi nilichukuliwa nikapatane (sokoni nikishika shati la mtumba, muuzaji huanza kujitetea), na kwa vile nilifundisha kwaya, nikaja na waimbaji wanane. Niliwahesabu mara mbili, wa tisa alikuja kula.

Mazungumzo yakakwama. Mzee wa nyumba akasema, "Hebu imbeni kwanza, roho zipoe."

Rosa wa soprano akaninong'oneza tuimbe ya kanisa. Nikakataa. Watu wamenuna bana, tuwachekeshe kwa wimbo wangu wa mzaha, niliotunga kuigiza zile nyimbo kubwa za kizungu ambapo neno moja linavutwa mpaka chai inapoa. Ni wa mtu anayeshusha bei ya ng'ombe mnadani. Shida ni kwamba, kama kawaida ya nyimbo hizo, ng'ombe mwenyewe anatajwa mwisho kabisa.

Nikainua mikono, mgongo kwa wakwe. Soprano: "Ameze-e-e-eka!" Alto wakajibu, "Amezeeka, amezeeka!" Besi wakanguruma, "Meno-o-o hana!"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, polepole sana. Rosa alikuwa anatazama juu ya bega langu, macho yanazidi kuwa makubwa, na hapo ndipo akili ikanifikia: hawa hawajasikia ng'ombe, wamesikia msichana wao. Na bado kulikuwa na ukurasa mzima wa "mguu wake mbaya".

Nikaamua kuruka. Nikawapa besi ishara waende mwisho; wengine kwa hofu wakanyamaza. Nikageuka nikitabasamu, mkono umenyooka kama anayetambulisha mgeni, kumbe umeelekea mlangoni, Naliaka amesimama na sinia ya chai. Besi, peke yao, kwa nguvu zote:

"NG'OMBEEE!"

Shangazi yake akasimama. "Nani ng'ombe?"

"Si yeye, mama, ni wa wimbo..."

"Ati hana meno! Naliaka, hebu waonyeshe meno! Na nyinyi rudini kwenu Kitale!"

Wekesa alikuwa amejifunika uso kwa koti. Naliaka akaweka sinia chini, akanitazama. "Shemeji, ukitaka kunishusha bei, si uongee tu?" Kisha akawageukia wazee wake. "Mimi naolewa na Wekesa. Sijasema naolewa na kwaya."

Mzee akakohoa. "Haya. Lakini tunaongeza ng'ombe mmoja, wa matusi. Na asiwe amezeeka."

Kila mtu akaningoja nipatane, hata Wekesa alichungulia kutoka kwa koti. Nikasema, "Sawa, mzee."

Tangu siku hiyo nikitunga wimbo, mnyama anatajwa kwanza, halafu ndio aanze kuzeeka.