Glasi ya Marakuja

Mdogo wangu alipoanza kusali kwenye kanisa jipya ndani ya bohari moja la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, nilikwenda kwa mchungaji wetu nikaomba kitabu. Alinipa kijitabu kilichorudufiwa kuhusu makundi potofu ya dini, chenye orodha ya dalili. Nilikifurahia kupita kiasi. Miaka yote nimekagua mizigo pale bandarini, na mtu akiniletea karatasi safi mno ndipo ninapotaka kufungua sanduku.

Hofu yangu ilikuwa moja: vidonge vyake vya presha. Daktari alishamwambia kwamba akiviacha atapooza kama mama yetu. Na dalili ya nne ilisema makundi hayo huwakataza watu dawa.

Jumapili moja nikaenda kujionea, kalamu mkononi. Viti vya plastiki, kwaya nzuri, kiongozi kijana mwenye viatu vilivyong'aa. Viatu vile sikuvipenda. Alihubiri kwamba Mungu huponya, na mimi nikaweka alama kwenye dalili ya nne, ingawa kwetu Ngagara mchungaji wetu husema hivyohivyo na sijawahi kumwekea alama yoyote.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alikuja kwangu na chupa ya marakuja, juisi ya pasheni aliyoikamua mwenyewe. Akanimiminia glasi. Nikakumbuka chupa za maji yaliyoombewa, nilizoziona zimepangwa ukutani kule boharini, na mkono ukakataa kuishika. Kwetu, anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. Hiyo ni adabu ya wageni na majirani. Watoto wa tumbo moja hawadaiani hilo. Mimi nilimsubiri aonje.

"Dada, unataka mi nionje kwanza?" akauliza.

Nikaitazama glasi. Akainua glasi, akanywa yote mpaka chini, akafunga chupa na kuondoka nayo. Niliona aibu, lakini niliona pia kwamba ameondoka haraka, na hilo nalo nikaliandika.

Hakurudi tena. Simu alipokea mara moja, akasema yuko kazini. Wiki zikapita bila mimi kujua kama anameza vidonge au la, yaani jambo lile lile lililonipeleka kwa mchungaji. Nikakifungua tena kijitabu nitafute la kufanya. Ukurasa wa kwanza, ambao niliuruka ili niwahi orodha, ulisema: kabla ya yote, kaa na ndugu yako umuulize mwenyewe, kwa upole.

Nikapanda basi hadi kwake Kamenge. Alinifungulia mlango, akanikalisha, akaniletea glasi ya marakuja. Hakuionja. Alisimama tu akinitazama. Niliogopa kijinga kabisa, mwanamke mzima kama mimi. Nikainywa yote.

Ndipo nikauliza habari za vidonge.

"Niko nameza kila asubuhi," akasema. "We haukuniulizaka hata siku moja."

Akaingia jikoni kunipikia. Pakiti ya dawa ilikuwa juu ya kabati, karibu na Biblia yake. Nilitamani sana kuifungua nione vimebaki vingapi. Nikaikalia mikono yangu miwili mpaka chakula kikaja.