Kura ya Mama Mkwe

Asubuhi ile ya kura naikumbuka kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani ukafunika uwanja wa shule, na foleni yote ikapotelea humo. Nilikuwa nimemshika mama mkwe wangu kiwiko, tukitembea polepole kwa mwendo wake. Haoni. Jicho la kushoto lilimwacha kwanza, la kulia likafuata, na sasa ni miaka mingi. Watu wa Mbita walitupisha. "Mleteni mama mbele, mleteni." Sauti zilikuja kabla ya nyuso. Mtu alitokea kwenye ule weupe, akamshika mama mkono, akamsalimia, kisha akarudi huko huko alikotoka.

Mimi nilikuwa nimenuna. Anayenijua anajua hasira zangu haziko mbali. Nikiudhika singoji kesho, nasema papo hapo, na nikianza kusema hata jirani anapunguza redio ili asikie vizuri. Mume wangu huniambia, "Nyar Lambwe, punguza moto." Ndivyo ninavyoitwa hapa, binti wa Lambwe, kwa sababu kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa kule alikotoka. Yawa, jina langu la kuzaliwa sina hakika kama mama mkwe analikumbuka.

Kilichoninunisha kilianza jana yake, wakati wa chai. Mama alitangaza kwamba mwanawe akae kando, mimi ndiye nitakayemsaidia kupiga kura. Sheria inaruhusu, asiyeona anachagua mtu wa kumwekea alama. Mume wangu alishangaa, maana yeye ndiye aliyemsaidia uchaguzi wa nyuma. Mama akamwambia anywe chai yake. Kisha akanigeukia, akasema kwamba kwenye kiti cha wadi tutamweka yule kijana wa vichanja.

Kijana wa vichanja ndiye aliyekuwa mwakilishi wadi wetu, na alikuwa anataka kurudi. Sitamnyima haki yake. Kabla yake sisi wanawake wa omena tulikuwa tunaanika dagaa hao kwenye neti, juu ya mchanga. Kuku wanapita, watoto wanapita, mvua ikinyesha tunalia. Wanunuzi waliotoka Migori walikuwa wanatafuna moja, wanatema mchanga, wanatuangalia tu. Alipochaguliwa alituletea vichanja vya mbao na waya, virefu, safu baada ya safu mpaka karibu na maji. Siku ya kuvisimamisha alikunja suruali akabeba mbao mwenyewe. Tangu hapo omena yetu ni safi. Asubuhi ukisimama mwisho wa safu, unaona fedha tupu inang'aa mpaka kwenye matete, na unaweza kusahau ulichokuja kufanya.

Lakini nilijua jambo. Mke wake ni wa Lambwe kama mimi, kwa hiyo ni dada yangu, hata kama hatukunyonya ziwa moja. Siku moja wakati wa mvua alikuja kwangu kupitia mlango wa nyuma. Shavu limefura, mdomo una damu. Mama alikuwa upande wa mbele kwenye kigoda chake, anachambua omena kwa vidole, nami nikadhani hasikii. Nikachemsha maji ya chumvi, nikampa bakuli asukutue. Akatema, na jino likatoka.

"Nimeteleza," akasema.

"Umeteleza kwenye ngumi ya nani?"

Akalia bila sauti. Kisha akanishika mikono yote miwili. "Dada, usimwambie mtu. Niahidi." Nikamwahidi. Haki, afadhali ningemeza moto kuliko siri ile.

Hata saa sita haijafika, mumewe mwenyewe akaja. Aliinama mlangoni, akamsalimia mama kwa mikono miwili, akamuuliza macho yanasemaje siku hizi. Ana sauti ya upole yule, unaweza kuilalia. Akamwambia mkewe waende nyumbani. Dada yangu akatangulia, yeye akambebea mkoba. Nami nilisimama na mwiko mkononi, mdomo nimeufunga. Mimi huyu! Tangu siku hiyo nilikuwa nikigeuza omena kwenye vichanja vyake huku moyo unaniuma.

Basi kura yangu nilishaiamua zamani, mtu huyo haipati. Iliyonitesa ni ya mama. Mkono wangu ndio ungeweka alama pale, kisha yule mtu arudi nyumbani kwake akijua nyumba yetu imembariki, na dada yangu ajue hivyo pia.

Yule mtu na mkewe walipita karibu nasi kwenye foleni. Ukungu ulifunguka kidogo nikawaona, yeye na shati jeupe, dada yangu na kitenge kipya. Dada aliniona. Akatabasamu bila kufungua midomo, na ukungu ukawafunika tena.

Kituo chetu kilikuwa darasa la watoto wadogo. Ukutani kulikuwa na jogoo, ng'ombe na jua lenye macho. Karani alikuwa msichana mpole, akaniapisha kwamba nitaweka alama pale mama atakaponiambia na siri yake nitaitunza. Nikaapa. Wakampaka mama wino kidoleni, tukapewa karatasi sita, tukaenda nyuma ya kile kiboksi cha kupigia kura. Mama akaniegemea. Alinukia sabuni na mafuta ya nywele. Kila kitu kilikuwa kimya na kizito, hata sauti yangu nilipomsomea majina niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. Tano za kwanza hazikutusumbua. Tukafika ya wadi.

"Umemwona?" akauliza kwa kunong'ona.

"Nimemwona."

"Weka."

Nikainua kalamu, ikakataa kushuka. "Mama," nikasema, na ahadi yangu ikavunjika hapo hapo, "huyu mtu anampiga mkewe."

"Najua. Nilisikia jino likigonga bakuli."

Mwaka mzima nilidhani nimebeba siri ile peke yangu.

"Hata mzee wangu alinipiga," akasema, "na ndiye aliyenijengea nyumba. Weka, Nyar Lambwe."

"Mama, mko sawa huko?" karani akauliza.

"Tuko sawa," akajibu mama.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nusu kidole tu chini yake kulikuwa na jina la mzee mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache, ambaye hakuwahi kutuletea hata msumari. Ningeweka pale, nani angejua? Mama hangeona. Karani hangeuliza. Nilisimama pale muda mrefu, au ulikuwa mfupi, sijui, nikiangalia lile jua la ukutani. Niliwaza juu ya kiapo. Niliwaza kwamba kumwibia asiyeona kura yake ni dhambi isiyo na jina. Na chini ya hayo yote lilikuwepo lile nililofunzwa kabla sijaolewa, kwamba mke wa mwana hamkatalii mama mkwe. Unaweza kununa, unaweza kugonga sufuria, lakini likisemwa unalifanya.

Nikaweka alama pale aliponiambia. Nikamwongoza mkono wake mpaka kwenye masanduku, karatasi moja moja. Kisha nikachukua zangu nikampigia mwalimu.

Kijana wa vichanja alishinda. Firimbi zilipigwa siku mbili, na omena ikaendelea kukauka. Nami, nisidanganye, nilijiona mtu wa maana. Nilikuwa nimeshindwa kwa haki. Wenzangu wakianza kulalamika kule ufuoni kwamba watu hawana uaminifu siku hizi, nilikuwa nanyamaza kwa maringo, nikijua langu. Nilijipenda sana miezi ile.

Halafu alasiri moja jirani akapita akatuambia kwamba dada yangu amepelekwa hospitali Homa Bay. Mkono na mbavu. Watu wanasema ameanguka kwenye ngazi. Ngazi gani? Nyumba yao haina ngazi! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka uani. Nilimtukana yule mtu na vichanja vyake na shati lake jeupe. Mama alikuwa kwenye kigoda, sinia la omena mapajani. Alinisubiri nimalize.

"Siku ile," akasema, "uliweka wapi?"

"Wapi nini?"

"Kura yangu."

"Pale uliponiambia, Mama. Kwani mimi mwizi?" Na nitasema ukweli, hata katika hasira ile nilingoja anishukuru.

Vidole vyake vikaacha kuchambua. "Uliweka kweli?"

"Si niliapa mbele yako?"

Akageuza uso upande wa ziwa, kule upepo ulikotoka.

"Mwanangu angeweka bila kuuliza," akasema. "Ndiyo maana sikumchukua. Nilikuchukua wewe mwenye mdomo. Mimi sijui kukataa, Nyar Lambwe, sikufundishwa. Baba alisema nikafanya, mzee akasema nikafanya. Pale ndani nilisema weka kwa sababu ndilo neno ninalolijua. Nikangoja unikatalie."

"Mama, ungeniambia!"

"Nilisikia kalamu ikiandika. Ulikuwa umechelewa sana kabla ya kuandika, nikasema moyoni, huyu ameweka kwingine. Hasira yake imemshinda, ameweka kwingine." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kama mtu anayemuaga mwenzake. "Miezi hii yote nimekuwa nikikushukuru."