Gidahosh na kifungua kinywa kisicho na ng'ombe

Wageni bado wamelala. Nyuma ya nyumba ya wageni mjini Katesh, Gidahosh anachochea mkaa, anaweka kikaango, anamimina rojo la manjano. Ni unga wa dengu, maji, binzari, kitunguu na pilipili hoho. Yai halimo. Mafuta ni ya alizeti.

"Hii ni ya Wahindi," anasema huku akiigeuza. "Kwenye ile sufuria kuna maharage ya kule Mexico, wanayala asubuhi na mkate wa mahindi. Jana nilipika uji wa mchele wa Wachina. Mgeni akimaliza sahani, mimi nimemaliza kazi."

Wageni wa leo ni Wajerumani wanne waliokuja kupanda Mlima Hanang. Hawali nyama, hawali mayai, hawanywi maziwa, hata asali hawaigusi. Watu wa aina hiyo wameongezeka, na mwenye nyumba, Doris, akaamua kuwapikia vyakula vya asubuhi vya nchi mbalimbali, vyote bila kitu cha mnyama. Alimpa Gidahosh simu aangalie video na kujaribu.

Doris anakumbuka swali la kwanza la mpishi wake. Aliuliza kama hao watu wanaumwa.

Swali hilo halikuwa la utani. Gidahosh ni Mdatooga wa kijiji cha Hirbadaw, ana miaka thelathini na minane, na mpaka juzi juzi alikuwa hajawahi kupika hata chai. Alikuwa mchungaji. Kwao asubuhi ni maziwa, na siku isiyo na maziwa ni siku ya msiba au ya safari.

Ukame uliopita ulimaliza zizi la baba yake. Ng'ombe zaidi ya arobaini walikufa mmoja mmoja, wengine wakiwa njiani kutafuta maji. Wa mwisho alikuwa jike mwenye paji jeupe, ambaye Gidahosh alimlea tangu akiwa ndama. Baada ya hapo Gidahosh alikuja Katesh kutafuta kibarua, akaanza kwa kukata kuni za jikoni, kisha kuosha vyombo, kisha kukaanga. Analipwa shilingi laki mbili kwa mwezi na anakula hapo hapo.

Wenzake wa rika hawajamwacha salama. Akipita mnadani wanamwita mama lishe na kumuuliza leo kuna nini sufuriani. Anawajibu kwamba kuna maharage, waje na sahani.

Kinachomchoma ni kitu kingine. "Hawa wageni ni watu wazuri," anasema. "Mmoja alinieleza kwa nini hanywi maziwa, anamwonea huruma ndama. Nikamsikiliza. Lakini wao wameacha wenyewe. Sisi tuliachishwa."

Anayemsumbua usingizi ni mama yake, mjane wa zaidi ya miaka sabini. Tangu ng'ombe wa mwisho afe, mama huyo aligoma kula asubuhi. Mchana alikula kidogo, jioni kidogo, lakini asubuhi alikaa juani kwenye kigoda na kukataa kila kitu. Mwili ukaisha. Zahanati wakampa dawa za kumeza kila asubuhi na kusema lazima tumboni kuwe na chakula. Akizimeza na njaa alizitapika zote, na nguvu zikazidi kupungua.

Maziwa ya kununua yapo. Konsolata, mke wa Gidahosh, mwenyeji wa Dongobesh kule Mbulu, alimletea lita moja kutoka dukani. Mama mkwe alishukuru na kumrudishia. Alisema hayo ni maziwa ya ng'ombe wengi yaliyomiminwa pamoja, na yeye hajawahi kunywa maziwa ya ng'ombe asiyemjua.

Konsolata anasema kwao Mbulu hakuna shida hiyo. "Sisi tunachemsha, tunakunywa. Mama anataka kwanza aambiwe ni wa nani, mama yake ni nani, alizaliwa malisho gani."

Basi Gidahosh akawaza. Kama Wajerumani wanaweza kushiba asubuhi bila ng'ombe, pengine na mama angeweza. Jumatatu na Jumanne wageni huwa wachache, na siku hizo hurudi Hirbadaw. Akaanza kumpikia mama yake alichojifunza.

Alianza na chapati ya dengu. Mama aliitazama, akauliza inatoka wapi. Akaambiwa kwa Wahindi.

"Wana ng'ombe hao?"

"Wanao, mama. Wengi kuliko sisi."

"Basi wanakula hivi kwa nini?"

Chapati ile Gidahosh aliila mwenyewe. Wiki iliyofuata alileta maharage ya Mexico. Mama alimpa mbwa, akamtazama akila, akasema angalau mmoja hapa nyumbani amepona njaa.

Wiki ya tatu ulikuja uji wa mchele. Huo aliula. Vijiko vichache tu, lakini aliula, na dawa haikurudi. Konsolata alisema ni kwa sababu ni mweupe kama maziwa. Maneno hayo ndiyo yaliyompa mumewe wazo alilotamani baadaye asingelipata.

Juu ya mafiga ya mama yake kulikuwa na kibuyu cha maziwa. Hakikuwa na kitu tangu yule jike afe, lakini kila baada ya siku chache mama alikishusha, akakisugua ndani kwa kijiti chenye moto, akakifukiza moshi, akakirudisha. Konsolata alipomuuliza mara moja kwa nini, alijibu kwamba ng'ombe akija asikute kibuyu kinanuka.

Jumatatu moja, mama alipokwenda kuwajulia hali majirani, Gidahosh alitwanga karanga mbichi alizoloweka, akazichuja kwa kitambaa yakatoka maji meupe, akatia limau ili yachachuke kidogo, kama alivyowafanyia wageni. Kisha akashusha kibuyu na kumimina humo.

"Nilitaka ladha ya moshi," anasema. "Bila moshi angegundua."

Asubuhi iliyofuata alimmiminia kwenye kikombe na kumpa. Mama alinusa. Akanywa. Akanywa tena, mpaka nusu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo Konsolata anasema hakuwahi kuiona tangu aolewe hapo. Ndipo mama akauliza kama ilivyo desturi.

"Ng'ombe gani huyu?"

Gidahosh angeweza kusema ni karanga. Angeweza kusema ni ng'ombe wa mjomba. Anasema furaha ilimziba akili, akataja jina lililokuwa karibu na ulimi, jina la yule jike mwenye paji jeupe.

Mama aliweka kikombe chini. "Huyo nilimchuna kwa mikono hii," alisema. "Wewe ulishika miguu."

Hakumgombeza. Alinyanyuka, akamwaga kilichobaki nje, akamkabidhi Konsolata kile kibuyu na kumwambia atilie mbegu za mtama. Kibuyu cha maziwa hakitiwi kitu kingine. Kikitiwa, basi, si cha maziwa tena.

"Sikujua alikuwa bado anangoja," anasema Gidahosh. "Mimi nilijua ng'ombe wameisha. Yeye alikuwa na kibuyu. Nikaenda nikakimaliza mimi mwenyewe, mtoto wake."

Tangu siku hiyo mama anakula. Konsolata akimpikia uji wa mchele, anakula. Chapati ya dengu anakula, maharage anakula. Dawa zinakaa tumboni na zahanati wamesema uzito umepanda kidogo. Majirani wanampongeza Gidahosh kwamba elimu ya wazungu imemponya mama yake.

Asubuhi ya Jumatatu, mama yuko kwenye kigoda chake juani. Anaitikia shikamoo kwa sauti ya chini. Gidahosh anampa sahani ya maharage na mkate wa mahindi, anachuchumaa kando yake na kumweleza ni ya watu wa mbali sana, ng'ambo ya bahari. Mama anaitikia kwa kichwa, anamega, anatafuna, anameza. Haulizi kama watu hao wana ng'ombe. Mbwa analala karibu na miguu yake na hapati kitu.

Mjomba wa Gidahosh ana mifugo michache iliyopona, sasa iko malisho ya mbali. Ameahidi kwamba mvua zikirudi atampa dada yake jike mwenye ndama amkamue, kama ndugu wanavyopeana ng'ombe mmoja wao anapofilisika. Gidahosh ameshaanza kujenga upya zizi kwa miiba, kipande kwa kipande, siku zake mbili za mapumziko.

Lakini hajui kama mama atamtaka huyo ng'ombe, wala kama atatafuta kibuyu kingine. Kwa hiyo wakati anangoja mvua, kila Jumatatu anakuja na chakula cha nchi mpya. Wiki ijayo ni mkate wa ndizi.

"Naomba aukatae," anasema, akiwa amegeuka upande ambao mama yake hamwoni uso. "Aseme ni takataka. Ampe mbwa. Akikataa hata mara moja tu, nitajua mama yangu bado yupo."