Deodata Aliaga, Kisha Akabaki Kazini

Saa mbili na dakika tano asubuhi, dirisha la madai katika ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii mjini Biharamulo linafunguliwa. Deodata Nkeshimana, miaka 38, ni wa tatu kwenye foleni. Hii ni safari yake ya tatu kutoka Kanazi, wilayani Ngara.

Kwa miezi 41 aliendesha pampu ya maji ya mradi wa shirika moja huko Mugoma, kwa mshahara wa shilingi 480,000. Mradi ulifungwa Juni 30. Nyumbani kuna shamba la maharage na watoto wanne, wawili wako sekondari.

Kwa maelezo ya ofisi, fao la kukosa ajira hulipwa kwa aliyechangia angalau miezi kumi na minane na ambaye hakuacha kazi kwa hiari. Michango ya Deodata inatosha. Kilichomkwamisha ni adabu.

Mei 30 wafanyakazi walitangaziwa kwamba mradi unafungwa. Mama mkwe wake, Domisiana, akamwuliza, "Nyumba uliyokula miaka mitatu, utatokaje bila kuaga?"

Juni 2 Deodata akaandika barua kwa mkono: anaaga, anashukuru, na aliyemkosea amemsamehe. Barua ya shirika ya kumwachisha kazi ilitoka Juni 13. Aliyepanga mafaili katika ofisi ya mfuko aliangalia barua ipi imetangulia, akajaza kwenye fomu: ameacha kazi mwenyewe. Dai likakataliwa mara mbili.

Mbele yake amesimama Anastazi, aliyekuwa mlinzi wa mradi huohuo. Amekuja kuulizia malipo yake ya pili ya fao hilo.

"Mimi niliondoka kama mwizi," anasema. "Sikumuaga hata mbwa wa getini. Ona sasa, nalipwa."

"Wewe hata kusalimia hujui," Deodata anamjibu. Foleni inacheka.

Safari hii hakuja peke yake. Kwenye benchi ameketi Mzee Ndayisenga, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Mugoma, amepakata kitabu cha pampu kilichofungwa kwa nailoni. Deodata alikwenda kukiazima, mzee akakataa. "Kitabu hiki kikitoka, natoka nacho," alimwambia. Nauli ya wawili ilitoka kwenye debe la maharage.

Dirishani, karani Joan Malongo anaisoma tena barua ya Juni 2. "Mama, anayeaga ameondoka."

"Dada, kwetu mtu anaaga akiwa bado ameketi. Anaongezewa uji, anakunywa, ndipo anainuka. Niliaga, nikabaki kazini siku ishirini na nane."

"Nionyeshe."

Kitabu kinafunguliwa. Kila siku ina saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita za dizeli na sahihi. Joan anashuka na rula mstari kwa mstari, kisha anasimama. "Juni 15 hujasaini."

"Siku hiyo nozeli ya dizeli kwenye injini iliziba, akasaini fundi," anajibu mzee kabla Deodata hajafungua mdomo. "Geuza ukurasa."

Sahihi ya fundi ipo. Joan anakipeleka kitabu kwa meneja. Mzee anakifuata hadi mlangoni.

Wanaporudi, Deodata anauliza atalipwa mpaka lini. Theluthi ya mshahara, anaambiwa, kwa miezi sita.

"Ikiisha, naongezewa?"

"Haiongezwi. Ukifikisha miezi kumi na minane bila ajira, unaweza kuhamishia michango yako kwenye mpango wa hiari."

"Basi miezi sita ikiisha isinikute nimekaa." Kamati ya Mugoma inatafuta mwendesha pampu wa kulipwa, naye ameshapeleka maombi.

"Ameomba, hajapewa," mzee anasahihisha.

"Ukipata kazi, fao linasimama," Joan anamkumbusha.

"Na lisimame."

Saa nne na nusu, Joan anakata maneno ya zamani kwenye fomu na kuandika sababu ya kukoma kwa ajira: mradi kufungwa. Meneja anasaini. Dai la Deodata linaingizwa kwenye orodha ya malipo.