Pikipiki Kati ya Twiga

Juzi pale Mlolongo niliona pikipiki yenye kiti cha mbao, na harufu ya maranda na petroli ya uani kwetu Wamunyu ikanirudia. Baba alichonga twiga wa kuuza. Dada yangu Mwende, ambaye hakuwa amewahi kuunda chochote, aliunda pikipiki kwa injini kuukuu na vyuma vya kitanda. Mimi, mtoto mdogo wakati huo, nilidhani ni kinyago kingine.

“Baba, nichongee kiti,” Mwende akaomba.

“Kwanza iwake.”

“Itawaka, baba.”

Mwende alipiga kiki mpaka jasho likamtiririka. Ghafla ikanguruma, akazunguka nayo uani akiwa amesimama. Baba akaanza kuchagua mbao. Mimi niligeuka kuwatazama twiga barazani, nikingoja nao waanze kutembea.