Mama Alivyokataa Kulala Kwangu

Nilipojifungua mtoto wa kwanza nilikuwa nafundisha Njombe, na kwetu ni Butiama. Asiyeijua njia hiyo aelewe hivi: ni kuvuka nchi, kutoka upande wa ziwa mpaka kwenye baridi ya kusini, na mabasi yenyewe hayasubiriani. Nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji. Mume wangu, mtu wa hukohuko Njombe, alinipikia uji wenye madonge kwa moyo wake wote, na mimi niliunywa huku nalia. Nilimtaka mama yangu. Nilimpigia simu nikamwambia aje, naye hakuuliza hata nauli.

Mama alikuwa hajawahi kupita Mwanza. Alipanda bodaboda mpaka Nyamuswa, akapata gari la Bunda, Bunda akapata basi la Mwanza, na kuanzia hapo akajikabidhi kwa Mungu na makondakta. Simu yake iliisha chaji mapema, kwa hiyo kila alipofika aliazima simu ya abiria wa jirani. Nikaanza kupokea namba za watu nisiowajua, na sauti ya mama ndani yake. "Niko Singida, kuku wao wa kukaanga ni mgumu." "Niko Dodoma, gari limeharibika, wametushusha." Dodoma alilala kwenye benchi la stendi, ameegemea mzigo wake: unga wa muhogo na mtama, sangara wakavu, na samli aliyoitia kwenye chupa ya chai ili isimwagike.

Mume wangu alikwenda kumpokea. Alimtambua kwa sura, maana tumefanana sana, na kwa kuwa amelelewa vizuri alimkimbilia, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Mama alijitoa, akajifunika uso kwa kanga, akageukia ukuta. Mume wangu akadhani basi limemchafua moyo, akaenda kumnunulia soda.

Sasa nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwewe, mpaka mkwe mwenyewe aende ukweni na mbuzi jike. Anaitwa mbuzi wa kufunua uso. Akishapokelewa, mambo yanalegea na watu wanaishi kama watu. Ng'ombe wa mahari walipelekwa na wajomba wa mume wangu. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika kwetu. Safari ni ndefu, tulisema, mbuzi tutampeleka likizo. Likizo zilikuja, zikapita.

Nilimsubiri mama kitandani. Nilisikia geti, nikasikia sauti yake, kisha sikusikia tena hatua. Nikajikokota mpaka dirishani. Alikuwa amesimama nje, mzigo kichwani, miguu imevimba.

"Ingia, mama," nikamwambia.

"Siwezi, mwanangu. Siingiagi kwa mkwe hivihivi."

Hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilikuwa mlangoni kabisa. Nikamwambia mshono unaniuma, sijalala tangu nimejifungua, na yeye amevuka nchi nzima kuja kunieleza habari za mbuzi.

"Mshono utapona," akasema. "Aibu haiponagi."

Jirani yetu, mama mjane mwenye chumba cha ziada, alimchukua. Alilala huko muda wote aliokuwa Njombe. Mchana alihamia kwenye jiko letu la nje, kibanda cha mbao, ambacho alikichunguza akaamua si nyumba kwa sababu hakina kitanda. Kwa hiyo mzazi ndiye aliyekuwa anatoka kumfuata mgeni. Nilivaa sweta juu ya sweta, nikabeba mtoto, nikaenda kukaa jikoni kwenye moshi. Huko mama alimwogesha mjukuu wake, akanikanda kiuno na miguu, akanilisha ugali wa muhogo na mchuzi wa sangara uliotiwa samli mpaka nikaanza kuwa na rangi ya binadamu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona, ila kwa kupigwa baridi.

Mume wangu alielezwa, akasikitika sana, kisha akazidisha. Alijifunza kukohoa kila anapofika getini ili mama apate nafasi ya kugeuka. Alikohoa asubuhi, akakohoa mchana, mpaka yule mjane akamletea asali na ndimu na kumshauri aende akapime kifua.

Kichekesho kilikuwepo, lakini sitaki kudanganya kwamba nilicheka tu. Kila jioni nilimwona mama anafunga kanga, anavuka ua kwenda kwa watu baki, nami nabaki kwenye nyumba yangu nikijihisi mpangaji. Nyumba ambamo mama yako hawezi kulala, nilijiambia, si nyumba bado. Alipoondoka nilimsindikiza stendi. Aliniaga, akambusu mtoto, akapanda. Hakusema neno juu ya mbuzi, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko kama angesema.

Desemba ile tulifunga safari, mimi, mume wangu na mtoto aliyeanza kutambaa. Tairi ilipasuka tulipopita Singida, tukakaa kando ya barabara juani, mtoto akitambaa kutoka kwa abiria mmoja hadi mwingine kama anaomba kura. Mwanza tukalala. Bunda tukafika mvua inanyesha. Mume wangu alishuka, akaangalia mawe makubwa yaliyobebana juu ya vilima, akaniuliza nani aliyapanga. Nilijua ameanza kupapenda kwetu.

Mbuzi tulimnunulia mnadani Nyamuswa. Nilimkataza mume wangu kuchagua peke yake, akachagua peke yake, akaja na beberu mnene anayenuka, amejaa fahari. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuja kutupokea, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mkwe, huyu ni wa kuchinja," akamwambia. "Mama mkwe anapewaga wa kuzaa."

Akarudi, akabadilisha, akapakia mbuzi jike kwenye bodaboda, kati yake na dereva. Barabara ilikuwa utelezi. Tulimkuta mbele, bodaboda imelala, dereva anacheka, na mume wangu amepiga magoti kwenye tope ameishika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili. Hakuiachia. Ndivyo alivyoingia ukweni mara ya kwanza, tope mpaka kwenye nyusi.

Mama alikuwa ndani, mlango umerudishwa. Mume wangu alisimama nje na mbuzi wake. Shangazi akaipokea kamba, akaipitisha mlangoni, akasema mkwe amekuja, na mkono mtupu haulambwi. Tukasikia mbuzi analia ndani. Kisha mama akatoka bila kanga usoni. Alimtazama mume wangu kwa mara ya kwanza, akamtazama taratibu kuanzia viatu, na akampa mkono.

"Kumbe ni kijana mdogo," akaniambia. "Mchotee maji aoge."

Likizo ile ilikuwa tamu. Mume wangu alikula, akanenepa, akafundishwa kukamua ng'ombe, akapigwa teke. Mbuzi akazaa tulipokuwa tumesharudi.

Mwaka uliofuata nilipata mtoto wa pili, safari hii bila kisu, na mama akaja tena. Njia ilikuwa ileile na stendi zilezile, na namba za watu nisiowajua zikaanza tena kuniita. Alipofika hakusimama getini. Alipita, akatua mzigo wake sebuleni, akauliza kitanda chake ni kipi.

Asubuhi yake niliamka, jua limeshatoka, nikaenda kumpelekea chai. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka nje ya kitanda. Nilikulia kwa mwanamke huyu na sikuwa nimewahi kumwona amelala. Kwetu aliamka kabla ya sisi wote na alilala baada ya sisi wote. Nilikaa sakafuni na kikombe mkononi nikimwangalia, nikilia kwa furaha, mpaka chai ikapoa. Mume wangu alipita akaniuliza kuna nini. Nikamwambia atembee polepole, mama amelala.