Noleo la Asani

Ukimpelekea Asani baiskeli iliyovunjika vipande kumi na viwili, jioni unarudi nyumbani umeipanda. Kasongo nzima inalijua hilo. Lakini katika miaka yake hamsini na tisa alikuwa hajatengeneza kitu chake mwenyewe hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuponya vya watu. Mwaka huu jambo hilo likaanza kumkera. Akaazimia kwamba kabla ya Idi atamtengenezea mkewe Feza kisu, kisu ambacho Feza atakishika na kusema ni chake.

Akaenda kwa Djamali, mhunzi wa sokoni, ambaye alipokuwa mtoto alifundishwa na Asani kupanda baiskeli. Sasa mzee akawa mwanafunzi. Bapa alilifua vizuri kutokana na resori, ile springi ya gari, mpini akauchonga. Likabaki noleo: vibamba viwili vya shaba vinavyobana kisu huku na huku, pale bapa linapoingia mpinini.

Djamali alimwambia azisugue kwanza nyuso za mbele za vibamba mpaka zing'ae, kwa sababu vikishafungwa, tupa haitafika pale bila kulikwaruza bapa. Asani akatii kama mtoto wa madrasa. Akatoboa, akapitisha pini mbili za shaba, akagonga vichwa vyake kwa nyundo mara mbili tatu, akaacha. Akakiinua kisu, akakipunga kwa madaha. Noleo likalia kechekeche.

Djamali alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa Asani, umeacha nafasi!"

"Isiachwe? Ukikaza sana, itazunguka namna gani?"

"Izunguke iende wapi? Hii haiko velo, Papa!"

Asani naye akaangua kicheko. Miaka thelathini na mitano ya kutengeneza velo, yaani baiskeli, mkono wake umezoea kukaza kisha kulegeza kidogo, ili gurudumu lizunguke. Leo umefanya vilevile bila kumwomba ruhusa. Ila moyo ulimwuma pia. Idi ilikuwa keshokutwa, na shaba nyingine ya kukatia vibamba hawakuwa nayo.

Wakazichimbua zile pini polepole, Mungu akasaidia, vibamba vikatoka vizima. Djamali akaipanua kidogo midomo ya matundu, akampa pini mpya.

"Sasa piga mpaka inenepe."

Akapiga. Kila mkono ulipotaka kusimama, Djamali alipiga kelele, "Bado, Papa!" Pini zikavimba, zikajaza matundu. Akasugua kwa tupa, kisha kwa msasa, mpaka zikapotea ndani ya shaba, usijue zilikuwa wapi. Akakitikisa kisu karibu na sikio. Kimya. Kwa furaha akamkumbatia Djamali pamoja na masizi yake yote.

Feza alikipokea, akashukuru kwa kichwa tu. Asubuhi ya Idi akakatia nyama ya mbuzi, akakatia vitunguu, bado haneni. Asani alizunguka uani akijifanya anatafuta pampu, na pampu ilikuwa mkononi mwake.

Akaingia jirani yao Régina, amekuja kuwapa heri na kusaidia jikoni. Akanyoosha mkono kukichukua kisu. Feza akakivuta upande wake.

"Hapana, dada, kamata ingine. Hii iko ya kwangu. Bwana yangu ameitengeneza."

Asani akatoka mbio barabarani, kanzu ya Idi mwilini na pampu mkononi, kutafuta mtu wa kumsimulia.